Koti la Marehemu Fundi

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Nimefika salama. Sindano, rafiki yangu wa tangu ujana, alinipokea uwanja wa ndege. Miaka kumi na minane tangu ahamie nchi hii, na bado mwembamba vile vile! Alinitazama kutoka kisigino hadi kola, kama alivyotufundisha marehemu fundi wetu, aliyeona ni aibu kumpima mteja kwa utepe mtu akiwa na macho mawili. Nikadhani ananionea fahari.
Kando yake alisimama bwana mmoja wa makamo, tumbo mbele, tabasamu hadi masikioni. Jirani yake, mwokaji mikate. Sindano akasema huyu ndiye ndugu yake wa huku. Ndugu! Mimi na Sindano tulilala mkeka mmoja miaka minne tukijifunza kushona. Huyu kachipukia wapi?

Jumanne, tarehe 5 Machi
Msiba. Sindano alipotoka kidogo, nilichungulia chumba chake cha kushonea. Kile kitambaa cha sufu kimekatwa! Fundi wetu alimwachia Sindano kitambaa hicho kwa sharti moja: amshonee koti rafiki wa kweli. Kinatosha koti moja tu. Miaka yote nimelisubiri bila kulitaja, kiungwana.
Vipimo vimeandikwa kwa chaki. Kiuno: arobaini. Arobaini! Changu ni thelathini na sita tangu nilipooa. Jambo hilo halihitaji kupimwa tena. Koti ni la Mwokaji.
Sikulia. Nilikaza meno, nikakagua nafasi iliyoachwa ya mishono. Hakuna hata nusu inchi ya ziada ya kupanulia. Mwokaji akinenepa kidogo tu, vifungo havitafika. Sindano alimpenda mtu mwenye kiuno arobaini? Nitampa mwenye arobaini na tatu.

Jumatano, tarehe 6 Machi
Matembezi ya mjini, watu watatu. Mimi nilitaka wawili.
Sokoni nilimwagizia Mwokaji samaki wa kukaanga, sahani ya kujaa. Akamega kipande, akasifu, akasema mwokaji huonja tu, hali. Akanisogezea. Chakula hakitupwi, nikamaliza. Nikaagiza nyama ya kuchoma. Akaonja. Nikamaliza. Maandazi ya asali, vivyo hivyo. Mtu mkaidi sana.
Kwenye mnara wa kale kuna ngazi mia mbili na kumi na moja. Ngazi hupunguza mwili! Nikashika goti, nikasema linaniuma, nikitumaini Mwokaji atabaki kunipa pole. Alinipa pole, akanikabidhi mifuko, akapanda na Sindano wakicheka. Wakanipungia mkono kutoka juu. Katika mmoja wa mifuko ile mlikuwa na mikate yake minne ya moto. Nikaila yote kwa hasira.
Duka la nguo: muuzaji alinitazama, akaniletea suruali namba arobaini na moja. Nikamrudisha kwa ukali alete thelathini na sita. Haikupita mapajani. Namba za nchi hii ni za uongo.

Ijumaa, tarehe 8 Machi
Siku mbili za karamu. Nasimamia kila mlo wa Mwokaji. Anaonja, namaliza. Shemeji, mke wa Sindano, aliniuliza kama huko nyumbani nimefukuzwa jikoni. Nikacheka kwa heshima. Cherehani haikunyamaza mchana kutwa. Wivu umenikaba kooni, lakini chakula kinapita.

Jumapili, tarehe 10 Machi
Baada ya chakula cha mchana, Sindano alileta koti, amelibeba kama mtoto mchanga. Akapita mbele ya Mwokaji. Akaliweka magotini pangu! Akasema alinipima kwa jicho palepale uwanjani, na kwamba koti hili halikuwahi kuwa la mtu mwingine.
Machozi yalinitoka. Nikavaa. Mabega sawa. Mikono sawa. Vifungo na matundu yake vikatazamana kwa mbali, kama majirani waliogombana. Nikavuta pumzi. Nikaizuia. Hapana.
Shemeji akasema Jumatatu walipokea mgeni mmoja, sasa wanaye mmoja na nusu. Sindano alipauka, akadai jicho lake limeanza kuzeeka. Nami nikamwacha aamini hivyo! Mwokaji, kwa kumtuliza, akalijaribu yeye. Likamkaa kama amezaliwa nalo. Sindano akapumua, akamwomba alivae lisije likaliwa na nondo, hadi nitakapopungua.
Mwokaji akanikumbatia, akaniita kaka. Amevaa koti langu!

Jumatatu, tarehe 11 Machi
Ndani ya ndege. Nimetafakari kwa utulivu na kugundua kosa ni la nani. Mwokaji aliniachia masahani makusudi. Mjanja!
Mpango mpya. Nimemwalika kwangu mwezi ujao, naye amekubali kwa furaha. Atakuja na koti. Nitampikia mwenyewe, sahani juu ya sahani, mpaka vifungo viruke na koti lirudi kwa mwenyewe. Adabu itanilazimu kula pamoja naye, lakini mimi sina wasiwasi. Kiuno changu ni thelathini na sita.
Mhudumu ameniletea kipande cha kurefushia mkanda. Viti vya ndege hii ni vidogo mno.