Maji ya Karakana Yanakwenda Wapi?

Jumatatu, 3 Machi
Karakana ya manispaa inatafuta msimamizi. Mkuu wetu katamka: cheo ni cha atakayemfurahisha mkaguzi Ijumaa. Mke wangu keshawatangazia majirani kwamba nimekipata. Sasa nitarudi vipi nyuma?

Mpinzani ni Kijiko, dereva wa kijiko, lile tingatinga la kuchimbia. Anamwaga maranda juu ya oili, anafagia, anazoa, anatia pipani. Mwendo wa konokono! Mimi nikashika mpira wa maji. Fyuu! Oili, tope, mchanga, vyote vikazama kwenye mtaro wa mvua. Uwanja ukang'aa. Nikabaki nimeinama juu ya wavu wa mtaro. Hivi maji haya huenda wapi?

Jumanne, 4 Machi
Nimelala kwa mang'amung'amu. Kijiko anasema yanakwenda kijitoni moja kwa moja, hayachujwi popote, ndiyo maana yeye anafagia. Mwongo mkubwa! Yanakwenda kwenye mabwawa ya majitaka, kila mtu anajua. Nikamuuliza kila mtu. Hakuna anayejua. Basi nitamuumbua mbele ya mkaguzi. Mke wangu hutia vitambaa rangi. Nimechota nyekundu kidogo. Haya, si kidogo.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwaga rangi mtaroni, nikafungulia maji, nikakimbilia mabwawani. Nimekodoa macho hadi mlinzi akaniuliza kama nimefiwa. Maji kijivu vilevile. Ajabu! Nyekundu yangu imeishia wapi, jamani?

Alhamisi, 6 Machi
Nimejua. Bata weupe wa Mkuu huogelea kijitoni, nyuma ya nyumba yake. Jana wamerudi pinki! Mkuu anafoka, akimpata mhusika atamtafuna mzima. Mikono yangu bado myekundu. Nimeshinda nimeitia mifukoni, hata chai imenipita.

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi kawaona bata, kaona na wekundu kwenye wavu wa mtaro wetu, kacheka hadi machozi. Kasema hicho ndicho kipimo chenyewe, sasa kila mtu kajionea oili ya karakana inafika wapi. Akauliza ni nani mwenye akili hiyo, apewe cheo. Nikamtazama Mkuu, macho yake kama makaa ya moto. Nikafyata ulimi. Cheo kapewa Kijiko, kwa kufagia. Roho imeniuma, lo! Mke wangu hasemi nami.

Jumamosi, 8 Machi
Bwana Msimamizi Kijiko kanikabidhi ufagio na kunipiga marufuku kushika mpira wa maji. Nimefagia hadi nyuma ya ofisi. Kumbe kuna mtaro mwingine huko! Kijiko anasema nao unakwenda kijitoni kulekule. Amejuaje? Kwani aliwahi kuingia humo? Mke wangu bado ana ndoo nzima ya bluu.