Meseji Zote Ukutani

Jumatatu, 11 Agosti
Nimeamka na meseji 318. Hata jicho la pili sijafungua! Grupu la ukoo, grupu la mtaa wetu hapa Kawajense, Mpanda, grupu la harusi ya mtu nisiyemjua. Dua, dawa ya kisukari ya majani ya mpera, mtoto aliyepotea Mbeya tangu mwaka juzi, dua tena. Na redio ya jirani juu yake. Binadamu anazama. Nani atamwokoa? Msanii.

Afisa utamaduni katangaza maonyesho Jumamosi. Kazi moja itachaguliwa kwenda Dodoma. Ambrosi, anayejiita mchoraji mwenzangu, anapeleka kiboko. Mwaka jana alipeleka kiboko. Mwaka juzi kiboko, ila amefumba mdomo. Mimi mabango ya saluni na mabucha huchora kwa ajili ya tumbo tu. Rohoni ni mtu wa sanaa ya kisasa. Mji mzima anayeijua ni mimi peke yangu, na leo nina mafua.

Jumanne, 12 Agosti
Wazo! Nitachapa meseji zote, nizibandike kuta nne za chumba nilichopewa ukumbini, kutoka chini hadi juu. Redio saba zitaongea kwa pamoja, kila moja stesheni yake. Mtu ataingia, atazidiwa, atalia. Jina: Mafuriko.

Zakia, mke wangu, kauliza nani atatoka nyumbani kufuata kelele ambazo anazo bure. Nikamwambia hilo ndilo swali lenyewe. Akasema basi keshalijibu. Mwanamke mzuri, lakini anauza vitenge.

Alhamisi, 14 Agosti
Meseji zangu zimejaza kuta tatu tu. Ukuta wa nne unataka sauti ya kike, nimeamua. Zakia alipokwenda kuoga nikachukua simu yake, nikajitumia mazungumzo yake yote na mdogo wake Mwanaiddi, aliyeolewa Litapunga. Miezi minane. Sikusoma. Fundi seremala hasomi mbao.

Herufi nimezikuza, ili hata wazee waone bila miwani. Mimi ni mtu wa watu.

Jumamosi, 16 Agosti
Asubuhi hakuna mtu. Foleni yote kwa Ambrosi. Watu wanapiga picha na kiboko, wengine wanamshika pua. Ambrosi akaja kunisalimia. Akasema kwa upole kazi yangu inamkumbusha stoo. Mshamba.

Saa tano akaingia Specioza, muuza samaki, kutafuta kivuli. Akasoma ukuta wa pili. Akaita mwenzake. Saa sita ukumbi mzima uko kwangu! Wanasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo inacheza. Nilitaka kulia. Mpanda imeelewa!

Kumbe wanatafuta majina yao. Specioza alikuwa anamtafuta aliyeandika kuwa samaki wake wamekufa mara mbili. Akampata. Alikuwa amesimama pembeni yake.

Afisa utamaduni akaja, akazima redio sita, akabakiza yenye mpira. Nikamweleza ameharibu dhana nzima. Akaniambia ninyamaze, ni kona.

Kisha mama mkwe. Alivaa kanga mpya, kwa heshima yangu. Zakia kamshika mkono. Wakaenda moja kwa moja ukuta wa nne, na hapo ndipo nami nikausoma kwa mara ya kwanza, maneno ya Zakia: "Mama akija tena kukaa mwezi mzima, mimi nahamia stendi. Anakoroma, anapekua, na wali wake ungefaa kuziba ufa."

Mama mkwe akasoma mara mbili. Bila miwani. Akamgeukia Zakia, akasema taratibu, "Na mchuzi je, mwanangu? Mchuzi hujausema."

Zakia akanitazama, akamshika mama yake mkono, wakatoka.

Kiboko anakwenda Dodoma.

Jumapili, 17 Agosti
Zakia na binti yetu Hadia wamehamia kwa Mwanaiddi. Sawa. Wasanii wakubwa huachwa. Nimepika uji mwenyewe. Umeungua. Nimekula.

Jumatano, 20 Agosti
Bodaboda mpaka Litapunga, vumbi hadi kwenye meno. Nilimkuta Zakia anapukuchua mahindi. Hakunipa kiti. Nikaanza kumweleza kuwa sanaa ya kweli lazima iume. Akaendelea kupukuchua.

Halafu akasema, "Baba Hadia, mama hapiki tangu Jumamosi. Analetewa chakula na jirani. Anasema hajui tena kama anajua kupika."

Nikasikia kitu hapa kifuani. Sitakiita aibu. Labda vumbi.

Akanipa sharti. Niende kwa mama kwanza, kisha nyumba kwa nyumba kwa wote niliowabandika ukutani, kwa miguu yangu, niombe radhi kwa mdomo wangu. Maneno machache. Nikaapa.

Alhamisi, 21 Agosti
Nyumba ni thelathini na nane! Na jua hili! Kwa mama mkwe nilifika hadi mlangoni. Nikamsikia anakohoa ndani. Nikageuka.

Zipo njia za kisasa. Nimefungua grupu, nimeliita Radhi ya Mbaruku, nimeingiza watu 212. Nimeomba radhi kwa sauti, dakika nne. Kisha nimeona heri nieleze dhana ya Mafuriko vizuri, maana wengi hawakuielewa. Sauti kumi na nne.

Zakia katoka kabla ya ile ya pili. Hadi adhuhuri wametoka 140. Safi! Waliobaki ndio wenye jicho la sanaa. Na mama mkwe hajatoka. Yumo. Ameguswa.

Mwanaiddi kaniandikia kuwa mama hana bando tangu Jumapili. Wivu tu. Narekodi ya kumi na tano.