Nakufuata Kabisa, Bosi

Jumatatu, 3 Machi

Bosi ametutangazia kabla hatujafungua duka. Anafungua tawi la pili, ng'ambo ya mji. Jumatatu ijayo atasema nani atashika funguo zake. Mafundi wa miwani tuko wawili tu: mimi, miaka kumi na moja hapa, na Kalamu Nne, miaka mitatu. Namwita hivyo kwa sababu ya mfuko wa shati lake. Hajui kwamba namwita hivyo. (Anajua.)

Hesabu ni nyepesi. Miaka kumi na moja sijampinga Bosi hata mara moja. Januari alipoagiza fremu mia mbili za kijani kibichi nilimwambia nakufuata kabisa, Bosi, mwaka huu ni wa kijani. Kalamu Nne akasema mbele ya watu kwamba hakuna atakayezivaa. Utovu wa adabu mtupu. Fremu bado ziko stoo, maboksi manne, lakini hilo ni kosa la wateja.

Mke wangu anasema nitulie, nifanye kazi, mengine yatajipa. Mwanamke mzuri sana. Hajui chochote kuhusu maofisi.

Jumanne, 4 Machi

Kalamu Nne amempelekea Bosi maandishi ya kurasa sita kuhusu tawi jipya. Mimi nilimpelekea chai. Akanikumbusha kwamba ameacha sukari tangu mwaka juzi. Nikasema nakufuata, Bosi, sukari ni sumu. Nikainywa mwenyewe ukumbini.

Lakini sikutoka mikono mitupu. Alipotoa leso, kadi ilianguka. Niliiokota, nikaisoma, nikairudisha mezani nikijitia sijaona kitu. Kadi ya kasino! Poka, meza ya kikomo kidogo, kila Jumamosi saa tisa alasiri. Kumbe mzee anacheza karata.

Mpango umenijia nikiwa nasugua lenzi. Nitakwenda Jumamosi. Nitakaa naye meza moja. Nitafungwa. Mtu humpenda anayemfunga. Shemeji yangu hunifunga karata kila Jumapili na ndiye mtu pekee anayenifurahia kwa dhati. Mpaka Jumatatu Bosi atakuwa ananipenda kupita kiasi.

Kasoro moja: poka sijawahi kuicheza.

Alhamisi, 6 Machi

Somo kwa shemeji. Aliwahi kufagia kasino miezi miwili, kwa hiyo ni mtaalamu. Karata zake zina upungufu wa tisa ya pau. Mahali pake pana kipande cha kalenda.

Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri. Tano zinafunuliwa katikati, ni za wote. Unachanganya zako na za katikati, mwenye mkono mzuri anakula. Kikomo kidogo maana yake dau ni dogo na halibadiliki, hata mtu apandwe na wazimu hawezi kumwaga kila kitu kwa mkupuo. Zamu ikikufikia una njia chache. Kufuata: unaweka dau kama wenzako. Kuongeza: unaweka zaidi. Kukunja: unatupa karata zako na kunyamaza. Nimeelewa kila kitu isipokuwa mchezo.

Shemeji alisema nina kasoro mbili kubwa, macho na mdomo. Macho yangu yanatangaza kila karata niliyoshika. Kuhusu mdomo alikuwa ndio anaanza kueleza, chakula kikaletwa, tukahamia huko.

Macho basi. Hilo nina dawa yake. Nafanya kazi duka la miwani.

Ijumaa, 7 Machi

Miwani ya jua ya kabatini haiguswi, Kalamu Nne huihesabu kila jioni kama kuku. Lakini kwenye trei ya ukarabati kuna moja safi kabisa: nyeusi, mviringo, mkono mmoja umefungwa uzi mwekundu. Mwenyewe ataifuata Jumanne. Nimeikaza skrubu, kwa hiyo kuijaribu ni sehemu ya kazi.

Lenzi ni za dawa, za mtu asiyeona vizuri, tena kali. Nilipoivaa niligonga mlango wa choo, nikauomba radhi. Ila mimi ni fundi, najua jicho huzoea.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kichwa kikiniuma. Nitajaribu kupanga mambo yalivyotokea, ingawa mengine hata sasa sijui yalitokeaje.

Mke wangu nilimwambia nakwenda kikao cha kazi. Si uongo. Kasino ni ukumbi usio na madirisha wala saa ya ukutani, zulia lina maua, na kwa ile miwani maua yalikuwa yanatembea. Dada mgawaji wa karata, nywele zimebanwa nyuma, uso mkavu kama wa mwalimu wa hesabu, aliniambia nikanunue chipsi dirishani ndipo nikae. Nikaenda. Nikarudi na sahani ya chipsi zenye nyanya ya chupa. Meza nzima ikaniangalia. Ikabainika kwamba madirisha ni mawili, na kwamba chipsi zao ni vile vidude vya plastiki vya kuwekea dau. Shemeji alifagia miezi miwili na hakuona haja ya kunieleza hilo!

Sahani ilichukuliwa na bibi mmoja wa kofia ya sufu, mkunga mstaafu, akazila chipsi pembeni polepole. Kisha akarudi kukaa mkabala nami. Karata alikuwa akizileta hadi puani ili azisome. Nilimhurumia. Nikajisemea, huyu angekuja dukani kwetu.

Bosi alishtuka kuniona. Akauliza nafanya nini huku. Nikasema nilikuwa napita. Akauliza kama macho yananiuma. Nikasema mwanga tu.

Karata za kwanza. Sikuona vizuri nilichopewa, lakini mtu anayetaka kufungwa ana haja gani ya kuona? Bosi akaweka dau, akalalamika kidogo kwamba walinzi wa maegesho ya hapa hawana heshima. Nikamjibu kama ninavyomjibu siku zote: nakufuata kabisa, Bosi. Mgawaji akatamka, "Anafuata," akanionyesha niweke dau. Nikaweka. Bosi akaweka jingine, akasema maegesho ya zamani yalikuwa na nafuu. Nakufuata, Bosi. "Anafuata." Hadi mwisho. Karata zikafunuliwa. Bosi hakuwa na chochote. Mimi nilikuwa na wafalme wawili, wa kwanza kujua akiwa mgawaji.

Mkono wa pili nikajikaza. Nitasema machache. Bosi akaweka dau, akamwambia jirani yake kwamba tawi jipya litahitaji taa kali zaidi. Hapo ningenyamazaje? Nikasema, kwa adabu zote, naomba niongezee hapo, Bosi. Nilitaka kuongezea kwamba wazo ni zuri. Mgawaji akasema, "Anaongeza." Nikamweleza kwamba naongezea neno tu. Akasema, "Kaka, hapa ukitamka inahesabika." Bosi alinitazama muda mrefu. Akatupa karata zake. Nikala tena.

Kwa nini lugha ya poka ni ileile ya ofisini? Nani aliyeipanga hivyo?

Mkono wa tatu ndio ulionimaliza. Nilizikagua karata zangu kwa makini, shupaza mbili nyeusi. Katikati zikaja kopa tatu. Shupaza na kopa hazijengi kitu. Raha iliyoje! Nikamfuata Bosi hatua kwa hatua nikisubiri kufungwa, naye alikuwa ameanza kutabasamu, nami nikaanza kuuona ufunguo wa tawi mkononi mwangu. Zikafunuliwa. Zangu hazikuwa shupaza. Zilikuwa kopa. Kumbe kwenye lenzi nyeusi nyekundu nayo ni nyeusi, na shupaza ni kopa iliyogeuzwa ikawekewa mguu. Kopa tano, mkono mkubwa ajabu! Mgawaji akanisukumia rundo lote.

Nikamwambia Bosi pole, nilidhani sina kitu. Akauliza, "Ulidhani huna kitu, na bado ukanifuata mpaka mwisho?"

Nikasema nakufuata siku zote, Bosi.

Karata mpya zilikuwa zimeshagawiwa. Bosi alikuwa ameshaweka dau. "Anafuata," akasema mgawaji.

Hapo ndipo yule bibi akainama mbele. Akaniita mwanangu, kwa upole. Akasema uzi mwekundu ule aliufunga mwenyewe, na mtoto wa dadake ndiye aliyempa uzi huo, na miwani hiyo aliambiwa dukani ingekuwa tayari Jumanne. Niliivua, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akaifuta mafuta ya chipsi, akaivaa, akazitazama karata zake kwa mara ya kwanza kwa umbali wa kawaida, akasema, "Ahaa." Katika nusu saa akawa amekula kila kilichokuwa mbele yangu.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala, nimefikiri, nimetulia. Tuangalie upande wa faida. Kwanza, mwishowe nilifungwa, kama nilivyopanga, ingawa si na niliyempanga. Pili, mteja amepelekewa miwani yake siku tatu kabla ya ahadi, tena siku ya mapumziko. Kalamu Nne amewahi kufanya hivyo?

Mke wangu ameuliza kikao kilikwendaje. Nimesema kulikuwa na mazungumzo marefu na Bosi alinitazama sana. Ameninyooshea shati la kesho.

Jumatatu, 10 Machi

Funguo amepewa Kalamu Nne.

Bosi aliniita ofisini baadaye, akafunga mlango. Hakufoka. Ningependa angefoka. Alianza na ile miwani ya bibi, nikasema nakufuata, Bosi, akaniinulia mkono ninyamaze. Kisha akatoa kwenye droo kibandiko kidogo cha ufunguo. Kilikuwa na jina langu, kwa mwandiko wake. Jina lilikuwa limepigwa mstari. Akasema alikiandika Ijumaa jioni. Alikuwa ameshaamua, miaka kumi na moja si mchezo, na Jumamosi alikwenda kucheza ili apumzishe akili.

Ijumaa jioni. Wakati mimi nakaza ile skrubu.

Akasema ule mkono wa kwanza alikuwa anadanganya tu, hana karata hata moja ya maana, alitaka watu waogope wakunje. Bibi alikunja. Mimi nikasema nakufuata kabisa. Hilo, akasema, angelisamehe, watu hukisia. Lakini mkono wa tatu nilidhani sina kitu na bado nikaendelea kuweka vyangu kwa sababu yeye ameweka vyake. Usiku ule alikwenda stoo akayatazama yale maboksi manne ya kijani. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama zile fremu niliwahi kuzipenda.

Nilisema nakufuata, Bosi. Sijui kwa nini. Sikuwa hata nimelielewa swali.

Akatikisa kichwa, akasema nirudi kazini. Niliumia. Naandika hivyohivyo, maana hakuna atakayesoma: niliumia sana. Nilikaa nyuma kwenye meza ya lenzi nikasafisha lenzi moja hiyohiyo mpaka saa ya chakula. Nyumbani nimemwambia mke wangu kila kitu, isipokuwa chipsi. Alinishika mkono akasema labda siku moja nijaribu tu kusema ninachofikiri. Nikamwambia yuko sahihi kabisa, nakubaliana naye kwa kila neno. Akaniachia mkono.

Jumatano, 12 Machi

Nimelitafakari jambo hili siku mbili na kosa nimeliona. Lilikuwa poka. Mchezo wenye maneno mengi mno. Mtu mwenye adabu kama mimi alihitaji mchezo wa kimya.

Kalamu Nne anahamia tawi jipya mwezi ujao na atahitaji msaidizi. Nimeanza kumwita Mkuu. Leo nimemsifu mfuko wa shati. Nimedodosa na nimegundua kwamba kila Jumapili asubuhi huogelea kwenye bwawa karibu na uwanja wa michezo, na hupenda kushindana. Huko hakuna wa kuhesabu unachotamka. Mdomo wote uko majini. Nitaingia, nitaanza naye, nitashindwa kwa heshima, atanipenda.

Kuogelea sijui, lakini si ndiyo vizuri?

Shemeji amekubali kunifundisha Ijumaa. Aliwahi kufagia pembeni ya bwawa. Na kwenye trei ya ukarabati, kana kwamba imeletwa kwa ajili yangu, kuna miwani ya kuogelea ya mteja mmoja, lenzi za dawa, mpira wake nimeukaza mwenyewe leo mchana. Hataifuata mpaka wiki ijayo.