Safari Niliyojipangia na Mama Mkwe

Krrr. Krrr. Kimya. Krrr.

Hicho ndicho tulichosikia kabla hatujaona chochote. Ukungu wa asubuhi ulikuwa mzito hapa Biharamulo, hata geti la bustani ya michezo sikuliona mpaka nilipoligonga kwa goti. Ulipoachia kidogo tukaona bembea za minyororo zinazunguka hewani, polepole, zote tupu.

Ndugu zangu, leo heshima yangu imezikwa, na waliohudhuria mazishi ni wengi.

Pale getini tulikuwa wanne: mimi, mke wangu Devota, binti yetu Neema wa miaka sita, na mama mkwe. Neema analelewa na bibi yake kule Mugoma tangu nilipoacha ualimu niandike riwaya. (Mama mkwe alisema mtoto hali karatasi.) Sasa Neema anatakiwa kuanza darasa la kwanza, nasi tunataka aanzie kwetu, Ngara mjini. Bibi hakukubali, hakukataa. Alisema tu, "Nitamtazama baba yake kwanza." Ndiyo sababu ya safari hii.

Kuna Bi Zuhura, mwenye duka la vitenge mtaani kwetu, ambaye babu zake walitoka Tanga. Yeye huandaa safari za familia kwa kifurushi. Unampa majina yenu tu. Basi, chakula, vyumba na tiketi ni kazi yake. Devota alisema twende naye. Mimi nikasema mtu mwenye simu hahitaji kubebwa kama gunia la maharage. Nikapanga kila kitu mwenyewe.

Dalili nilizipata jana tulipofika gesti ya Nyakanazi. Nilikuwa nimekodi chumba kimoja. "Cha familia," simu ilisema, nami nikaona neno zuri. Lakini kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawalali chumba kimoja, hawashikani mikono, wala hawatazamani usoni. Akipita, mimi hugeukia ukuta. Yeye hujifunika kitenge. Nililala kwenye benchi la mapokezi.

Basi, tukaingia bustanini. Dada wa tiketi alitupokea kwa sauti ndogo, kama mtu anayechunga mgonjwa aliyelala.

"Karibuni. Leo nyinyi ndio wa kwanza."

"Wengine wako wapi?"

"Wanakuja," akasema, akitazama nyuma yetu. Nyuma yetu kulikuwa na ukungu tu.

Neema alichagua Pango la Mizimu. Ni jengo la mabati lililopakwa rangi nyeusi, na mlango wake una meno. Ndani mnapanda vibehewa vya watu wawili wawili. Mpango wangu ulikuwa safi: mimi na Devota mbele, bibi na mjukuu nyuma.

Nilitangulia kuketi. Mle ndani kulikuwa na giza la chini ya kisima. Kwa kuwa mama mkwe angepita ubavuni mwangu kwenda behewa la nyuma, niligeuza uso ukutani kama kijana aliyelelewa vizuri. Nikasikia nyayo. Nikasikia kitenge kikichakacha. Dada wa tiketi akasema, "Kaa hapa." Mtu akaketi kando yangu. Tukaondoka.

Ndugu zangu, lile pango ni baya. Upepo wake una harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi. Kuta zinapumua. Mahali fulani mbele, mtoto asiyeonekana analia, kisha ananyamaza kana kwamba amezibwa mdomo. Kitu laini kilinipapasa shavu. Nikautafuta mkono wa mke wangu, nikaushika.

Ulikuwa wa baridi, mgumu kama mpini wa jembe. Nikadhani hofu imemkausha.

"Mpenzi," nikanong'ona, "hawa mizimu si kitu. Wa kutisha yuko behewa la nyuma."

Kimya.

"Najua mama yako ananiona mtu bure. Lakini nimechoka kumpokea mwanangu kama mgeni. Kila jioni natandika kitanda chake. Asubuhi nakikuta vilevile."

Mkono haukunibana. Haukutoka pia.

Ndipo nyuma yangu, kwenye lile behewa la pili, nikaisikia sauti ya Devota: "Neema, fumba macho, mama nipo hapa."

Nilihesabu watu wangu polepole. Nikahesabu tena. Taa ya kijani ikawaka juu yetu, nikageuka. Kando yangu kulikuwa na mtu asiye na uso. Kitenge tupu, kuanzia utosini hadi kifuani.

Nilipiga yowe hata lile litoto la kwenye spika likanyamaza. Nikaruka behewa likienda, nikapasua pazia, nikapasua jingine, nikaangukia nje kwenye mwanga, mkono wa plastiki wa maiti ukiwa umeninasa shingoni.

Ukungu ulikuwa umeisha. Mbele yangu walisimama abiria wa basi zima, wote majirani zangu, na Bi Zuhura mbele yao.

"Baba Neema," akasema, "siku hizi hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeona nini?"

"Nimepanda na mama mkwe. Nimemshika mkono."

Mzee mmoja akavua kofia.

"Kwenye kifurushi changu," Bi Zuhura akasema taratibu, "wakwe nawaingiza kwa zamu mbili. Mimi asili yangu pwani, lakini mila zenu niliziuliza."

Hapo ndipo walipocheka. (Nyinyi nawaomba msicheke. Wametosha.)

Kumbe pale mlangoni Neema alibadili mawazo, akamng'ang'ania mama yake. Dada wa tiketi akamketisha bibi palipobaki nafasi. Yeye alijifunika asinione, mimi nilitazama ukuta nisimwone. Adabu yetu ndiyo iliyotukalisha pamoja.

Behewa lilitoka. Mama mkwe alishuka, kitenge bado usoni, akanyoosha moja kwa moja hadi nje ya geti, ambako Noah ya Nyakanazi ilikuwa ikiita abiria. Tukamfuata. Nilisimama hatua kumi nyuma, uso kwenye ukuta wa bustani, nikijua nimemkosa mwanangu.

"Mama, ngoja basi tule," Devota akasihi.

"Yaliyonipata yananishibisha."

Neema akatia mguu garini. Nikasikia bibi akimshusha.

"Wewe unabaki."

"Kwa nini, bibi?"

"Baba yako anaogopa giza. Kamwangalie."

Mlango wa Noah ukafungwa nyuma ya bibi.