Kikombe cha Mzee Gao

Jumatatu, 3 Mei 1926, Peking.
Waingereza wanataka kuturudishia ile fidia waliyotubebesha baada ya vita vya mwaka 1900. Wao wanapenda iende kwenye reli, sisi tunataka shule. Alhamisi mjumbe wao atakuja nyumbani kwa mkubwa wangu wa kazi, Mzee Gao. Kamati ya kugawa fedha hizo itahitaji katibu: mimi, au Pu wa meza ya jirani. Baba mkwe nimeshamwambia ni mimi. Naye ameshawatangazia majirani!

Jumatano, 5 Mei.
Nimemwambia Pu kikao kimesogezwa hadi Ijumaa. Akanishukuru, akaniita ndugu. Nimejisikia vibaya mpaka chakula cha mchana.

Alhamisi, 6 Mei.
Natamani ardhi inimeze. Chai ililetwa, hakuna aliyeigusa, ndiyo desturi katika nyumba za wakubwa wa zamani. Mwenyeji akiinua kikombe, maana yake mgeni aende zake. Nalijua hilo tangu utotoni! Mjumbe akaanza kusema kwamba kuhusu shule yuko tayari, mara Mzee Gao akashikwa na kikohozi. Nikaona nafasi ya kuonekana mtu mwema. Nikamtia kikombe mkononi, nikauinua mkono wake hadi mdomoni.

Bawabu akapaza sauti, "Mgeni anaondoka!" Watumishi ua mzima wakaitikia. Mkalimani akamnong'oneza Mwingereza, wakasimama, nyuso zimewaiva. Gari likawashwa. Mzee bado anakohoa.

Baadaye akaniita. Hakufoka, afadhali angefoka.

"Mwanangu, miaka yote hii tumelipia aibu ile. Leo wamekuja kurudisha fedha zetu, nawe umewafukuza."

Nimelia chooni.

Ijumaa, 7 Mei.
Mjumbe amerudi mwenyewe kuomba radhi. Alidhani ndiye aliyeudhi! Mzee Gao yuko kitandani na kikohozi chake. Aliyekuwa sebuleni, kanzu mpya, anangoja kikao, ni Pu. Wamezungumza mpaka jioni. Shule zitapata fungu lake, na Pu ndiye katibu. Amenishukuru tena, kwa moyo mweupe kabisa. Sikuweza kumtazama machoni.

Jumapili, 9 Mei.
Nilikwenda kwa baba mkwe kusema ukweli. Haki ya Mungu nilikusudia. Nikakuta bata ameshachomwa na majirani wameketi. Nikasema ukatibu nimemwachia Pu, maana mimi napelekwa London. Mzee wa watu akafuta machozi, akauliza naondoka lini. Nikasema mwezi ujao.

Kesho nitamwomba Pu aniazime sanduku.