Mkono wa Binadamu Usiguse Fomu

Idara ilitangaza rasmi kwamba kuanzia asubuhi hiyo hakuna mkono wa binadamu utakaogusa fomu. Programu ingepeleka taarifa yenyewe hadi ndani ya mfumo, kupitia mlango wa nyuma ambao mafundi huuita API, bila mtu kufungua ukurasa wala kujaza kisanduku hata kimoja.

Aliyeiandika programu hiyo ni fundi wa kompyuta aliyejiita Bingwa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitolea kumwita hivyo.

"Programu yangu haikosei," aliwaambia wafanyakazi ukumbini. "Makosa ni ya wenye vidole."

Vidole vyake mwenyewe alikuwa amevitia mfukoni.

Jaribio likifaulu, Bingwa angepata ajira ya kudumu na dirisha la kupokelea fomu lingefungwa. Aliyekaa dirishani ni shangazi yake, aliyemlea na kumsomesha. Bingwa alilitafakari jambo hilo kwa uchungu mkubwa, kisha akachagua maendeleo.

Fomu ya jaribio ilikuwa ombi la kustaafu kwa hiari, maana ndiyo fupi kuliko zote. Jina lililowekwa ni la Mkurugenzi, maana hakuna kitu kinachotoka idarani bila jina lake. Na ili wazee wakitaka kuondoka wasicheleweshwe, Mkurugenzi mwenyewe alikwisha kuagiza maombi ya namna hiyo yakubaliwe papo hapo, bila maswali.

Bingwa akabonyeza.

"Imepokelewa," kioo cha kompyuta kikaandika. Makofi.

"Imekubaliwa." Hapo Mkurugenzi alipiga makofi kuwashinda wote.

"Akaunti ya mtumishi imefungwa. Tunakutakia mapumziko mema."

Makofi yakaanza kufifia kuanzia safu za nyuma.

"Hilo ni la majaribio, siyo?" Mkurugenzi akauliza.

"La majaribio kabisa, bosi," Bingwa akasema, huku akisoma anwani aliyoipelekea fomu. Akaisoma tena. Ilikuwa anwani halisi ya mfumo, si ile ya majaribio.

"Basi lifute."

"Kulifuta, bosi, mpaka mwenyewe uingie kwenye akaunti yako."

"Haya, niingie."

"Imefungwa."

"Sasa wasio na akaunti wanafanyaje?"

Bingwa akajibu: "Wanakwenda dirishani."

Habari zilifika dirishani kabla yao. Shangazi alikuwa anafungasha kikombe chake na mto wa kiti. Alipowaona wamesimama nje ya kioo, akavaa miwani taratibu.

"Shida gani, mstaafu?"

"Mama, kuna hitilafu ndogo tu..." Mkurugenzi akaanza.

"Ni mtandao, shangazi," Bingwa akadakia. "Mtandao umechanganya anwani. Programu haina neno."

Shangazi akamtazama kama anayemtazama mtoto aliyepaka uji mpaka masikioni.

"Mwanangu, si jana tu ulikuwa hapa unakunywa chai yangu? Ukasema anwani ya majaribio inajivuta, ngoja uweke ile ya kweli, bosi mwenyewe hajui hii ni ipi na ile ni ipi."

Mkurugenzi akamgeukia Bingwa. Bingwa akaanza kuchunguza dari kwa umakini wa kitaalamu.

"Ningekusaidia, mzee wangu," Shangazi akaendelea, akibeba mto wake, "lakini dirisha limefungwa kwa amri tangu jaribio lilipofaulu. Kulifungua kunahitaji sahihi ya mkurugenzi aliyepo kazini. Unamfahamu?"