Stendi ya Pikipiki ya Komora

Leo nimeaibika, jamani. Na si mbele ya watu baki. Ni mbele ya mama yangu mzazi, aliyenizaa, aliyenilea, na ambaye tangu mwezi jana anabebwa na pikipiki ya mtu mwingine.

Nasimulia mwenyewe mapema, maana najua wenzangu wa steji, pale tunapongojea abiria, wataitia chumvi.

Mimi ni mwendesha boda hapa Garsen. Pikipiki yangu naiita Bi Kizee. Ana miaka kumi na moja. Hana kitufe cha kuwasha. Unampiga kiki, na akiamka vizuri, kiki ya saba anawaka. Taa yake ya mbele inamulika juu ya miti. Stendi ilivunjika zamani, kwa hiyo nikisimama namwegemeza ukutani au kwenye mti. (Pasipo na mti nabaki nimemshika. Nimezoea.) Lakini kila siku ya soko, miaka yote hiyo, ndiye aliyemtoa mama kijijini kwetu Kulesa na ndizi zake mpaka sokoni hapa, na kumrudisha. Na tukifika nyumbani mama alikuwa ananipakulia sahani ya wali wa nazi na samaki, kipande cha katikati, ndipo nirudi kazini.

Halafu Komora akanunua pikipiki mpya.

Komora ni jirani yetu na mwenzangu wa steji. Pikipiki yake ni nyekundu, kiti kirefu kilichojaa, usukani uko juu, unakaa umenyooka kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Siku moja Bi Kizee aligoma, mama akapanda ya Komora. Mara moja tu! Jioni nikamsikia akimwambia shoga yake, "Nilikaa kama niko kitandani kwangu." Hajapanda yangu tena. Sahani nayo ikahama. Sasa kipande cha katikati anakula Komora, na anamwita "mama". Mama wa nani?

Sifichi, wivu ulinila. Nikaanza kuichamba ile pikipiki kila siku pale steji. Nikasema za siku hizi ni plastiki tupu. Nikasema breki ya diski itakuja kuua mtu. Nikasema Bi Kizee ni chuma cha enzi zile, hata ukimwangusha anayeumia ni barabara. Leo asubuhi Komora akachoka. Akanirushia ufunguo mbele ya steji nzima, na mama alikuwa pale pale, ameshauza ndizi zake, anangoja kurudishwa.

"Jilo, maneno mengi ya nini? Mbebe mama mpaka Minjila na kurudi. Yeye ndiye anayezijua zote mbili. Akisema yako ni bora, mimi simbebi tena."

"Twende," mama akasema. "Tena nataka maziwa." Akapanda kwa wepesi ambao sijawahi kuuona akipanda kwa Bi Kizee.

Nikabonyeza kitufe. Ikawaka. Ile ya kwanza! Ikanguruma polepole mpaka nikainama kusikiliza kama ni kweli imewaka. Moyo ukaniuma.

Sasa hapa niseme ukweli, kwa kuwa aibu nimeshaipata. Nilikuwa na mpango. Mashimo yote ya barabara ile nayajua, na yote niliyafuata. Kwenye mashimo hayo Bi Kizee hukung'uta mpaka meno. Nikaingia shimo la kwanza. Kimya. La pili.

"Mama, mgongo vipi?"

"Mgongo umefanya nini?"

Nikaacha lami kabisa, nikapita pembeni palipochimbwa na kwato za ng'ombe. Nikageuka kidogo kumtazama. Mama anasinzia. ANASINZIA! Kwangu amekuwa akimwomba Mungu njia nzima.

Minjila mama akashuka kununua maziwa. Na mimi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, nikawa mtu mwenye stendi. Nikaiteremsha kwa ncha ya kiatu, taratibu, watu waone. Nikasogea hatua tatu nikaiangalia ilivyosimama yenyewe. (Ni nzuri. Msimwambie Komora.)

Mama akarudi na maziwa yake, tukapanda. Kitufe. Ikawaka. Nikaingiza gia. Ikazima. Nikawasha tena, nikaingiza gia. Ikazima. Mara sita!

Jamani, sijafurahi hivyo tangu siku niliyooa.

"Mama, umeona? Imekufa! Si nilisema?" Nikampigia Komora, nikamwambia aweke spika ili steji nzima isikie. "Komora! Kitu chako kimekufa huku Minjila! Gia zimekwisha! Njoo na Bi Kizee nimchukue mama yangu!"

Sikutaka kungoja. Nikaanza kuisukuma kurudi Garsen, makusudi, kila mtu aione inavyosukumwa. Jua lilikuwa limeshakolea. Nikamwomba mama ashuke kidogo nipumue.

"Nishuke ya nini? Hata ikisukumwa haitikisi."

Mbele kidogo mzee mmoja wa Kiorma alikuwa anavusha ng'ombe wake, ikabidi nisimame. Akaitazama pikipiki. Akanitazama mimi ninavyotiririka jasho.

"Kijana, hii stendi iko chini. Wewe inua, itakwenda. Ya mtoto yangu pia iko hivyo."

"Baba," nikamwambia, "nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii. Stendi kazi yake ni kusimamisha. Stendi na injini hazijuani."

"Inua tu."

"Wewe endelea na ng'ombe, baba. Mambo ya pikipiki niachie mimi."

Na nikaiacha chini. Kuinama na kunyanyua kile kichuma ilikuwa kazi ya sekunde moja, lakini sikutaka kufundishwa barabarani, tena mama akisikia. Mzee hakuondoka. Ng'ombe wake walivuka wakaisha, yeye akaegemea fimbo yake akangoja.

Mara nikamsikia Bi Kizee. Huwa anasikika muda mrefu kabla hajaonekana. Komora alikuwa juu yake, na nyuma pikipiki sita za steji, wamekuja kuona maiti. Komora akanipa Bi Kizee nimshike (hana stendi, mnakumbuka). Akasema, "Shikamoo, mama." Akamwamkia na mzee. Kisha akaizunguka pikipiki yake, akatazama chini. Akainua stendi kwa kidole gumba cha mguu. Alikuwa amevaa ndala! Akakaa mbele ya mama, akabonyeza kitufe, akaingiza gia, pikipiki ikaenda.

Akaizungusha, akarudi mpaka nilipo.

"Jilo, hizi mpya ukiingiza gia na stendi iko chini, inazima yenyewe. Ni ili usiondoke nayo imening'inia ukaanguka."

"Najua," nikasema. "Nilikuwa naijaribu."

"Mimi nilimwambia," mzee akasema.

"Alimwambia," mama akaongeza. "Nilisikia kwa masikio yangu."

Hapo ndipo kicheko kilipoanza. Mmoja wa watu wa steji alishuka akakaa chini kabisa pembeni ya lami, ili acheke vizuri. Mwingine akauliza, "Haya mama, hukumu ni gani? Ipi bora?"

Mama akanitazama kwa huruma. "Jilo ni mwanangu," akasema. Nikainua kichwa. "Lakini mgongo ni wangu."

Wakaondoka, yeye na Komora na maziwa, na msafara mzima nyuma yao. Tulibaki mimi, Bi Kizee na mzee wa ng'ombe. Nilipiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi, na mzee ndiye aliyenishikia pikipiki wakati napumzika. Hakunicheka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mchana nikapita nyumbani. Komora alikuwa ameshakula ameondoka. Mama akaniletea sahani: wali, mchuzi, na mkia wa samaki. Juu ya mkeka, kando ya sahani, akaweka mchi wake wa zamani uliovunjika.

"Huu ukamsimamishie Bi Kizee wako, asikutese kumshika. Na umtafutie mto wa kukalia. Siku Komora akiugua, nitapanda kwako."

Mnaotaka kucheka, chekeni leo mmalize. Komora, ndugu yangu, nakuombea afya njema. (Siombi.)